Kitenge cha Siku ya Usaili

Kyangwali, 7 Aprili 2024

Mwanangu Reine,

Salamu za huku kwanza, kisha nikugombeze. Sisi ni wazima. Mvua imeanza na mahindi yamechomoza vizuri, isipokuwa upande ule wa mbuzi wa jirani, ambako hakuna kitu, na jirani anaapa kwamba mbuzi wake hawapendi mahindi. Nyanya yako anakohoa kidogo. Ukimwambia apumzike anakuuliza kwani amekwambia amechoka. Kwaya imenichagua tena nifundishe sauti ya pili, maana yake nitagombana na watu mpaka Krismasi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya Mama Marlène, ambayo ndiyo simu yetu sote huku kambini. Mahali pa kuweka sikio pameharibika, kwa hiyo anaiweka kwenye spika na foleni nzima ya maji inasikiliza. Mara ya mwisho mama yako aliponipigia kunieleza habari za tumbo lake, kesho yake niliulizwa na watu wa kanisa lingine kama limepona. Maneno yetu na yapite kwa Tresor, kwenye lori lake la maharage. Tresor hafungui bahasha za watu, na hata akifungua, mwandiko wangu uliwashinda wakaguzi wa shule huko kwetu Rutshuru, Kongo, sembuse yeye.

Sasa nikugombeze. Usaili wa chuo cha ukunga ulifanyika Machi. Tresor amesikia pale sokoni Kalerwe kwamba majibu yameshatoka. Mbona kwangu kimya? Na picha iko wapi? Mama yako alikata kile kitenge cha bluu chenye majani ya njano mapande matatu: moja sketi yako, moja gauni lake, moja akaniletea mimi. Alifanya kama tulivyofanya nyumbani kila msichana wetu alipofika mahali, wanawake wa nyumba wote kitambaa kimoja, watu wajue huyu ana kwao. Pande langu bado limekunjwa. Nasubiri nione ninyi mlishona mtindo gani, nisije nikajishonea wa kizee nikachekwa. Nitumie picha yako na mama yako mkiwa getini pa chuo.

Msalimie mdogo wangu Esperance. Mwambie hata hao wateja wake wa Ntinda hawatakufa wakikosa vitenge siku moja, apumzishe magoti.

Mama yako mkubwa anayekungoja,
Pélagie


Kampala, 28 Aprili 2024

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo. Barua yako ilifika ikinuka maharage. Mama aliishika, akaipindua, akasema Dada bado anabana herufi kama karatasi inauzwa kwa kipimo. Pole ya mahindi. Nyanya mwambie namwombea, na anywe ile dawa, asimpe kuku.

Sisi hapa Kamwokya tuko. Jirani yetu Jalia ameleta redio mpya na sasa ukuta wetu unaimba tangu alfajiri. Mama anatoka asubuhi na vitenge vyake, anapita Bukoto kwenye maghorofa, kisha Ntinda, anarudi jioni. Magoti anasema hayamuumi. Mimi nimepata kazi ya kusuka kwenye saluni karibu na soko. Vidole vinauma lakini nimezoea.

Majibu yalitoka. Hawakunichukua. Barua yao ni fupi, inasema mwombaji hakufika na mzazi wala mlezi kama alivyotakiwa. Wanasema anayetaka kukata rufaa aandike kabla ya mwisho wa Juni. Sitakata. Vyuo ni vingi, na kusuka si kazi mbaya.

Picha hakuna. Simu yangu ilizimika siku ile.

Samahani kwa kukuchelewesha. Nilikuwa na shughuli.

Mwanao,
Reine


Kyangwali, 12 Mei 2024

Reine,

Nyanya anakusalimu. Kikohozi kimezidi kidogo, na kuku amepona kabisa. Nimekuelewa.

Sasa keti chini. Nimeisoma barua yako mbele, nikaisoma nyuma, nikavua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Hakufika na mzazi? Mama yako si alikwenda? Aliniambia mwenyewe kwenye spika ya Mama Marlène, na foleni nzima ya maji ni shahidi, kwamba angekwenda na wewe asubuhi, na vitenge vyake angebeba hivyo hivyo ili mkimaliza apitilize Ntinda. Alikuwa ameshapiga gauni pasi. Basi hao watu wa chuo walimwangalia mama yako wakaona nini, kiti?

Hii ndiyo rufaa rahisi kuliko zote nilizowahi kusikia. Hawakusema hujui masomo. Hawakusema karatasi zako za ukimbizi hazitoshi. Wamesema kitu ambacho si kweli, na wewe unatakiwa uandike sentensi moja tu: mama yangu alikuwepo. Iandike kwa Kiingereza chako kizuri kile kilichomfanya mama yako atembee miaka na furushi kichwani. Weka tarehe, weka jina lake, peleka. Kama Sista wao mkuu ni mtu wa haki ataona aibu mwenyewe.

Nakukumbusha kitu ambacho hupendi kukumbushwa. Mama yako alipokuwa anajifungua yule mtoto wa pili, mwaka ule mlipofika Kampala, wauguzi walimwambia kwa Kiganda asisukume, naye hakuelewa, akasukuma. Wewe mdogo vile ulisimama mlangoni ukatafsiri yale machache uliyookota mtaani, ukilia na kutafsiri. Mtoto hakuishi. Tangu siku hiyo mama yako anasema nyumba yetu itatoa mkunga anayejua Kiswahili. Marehemu baba yako Augustin alikufa akisema hivyo hivyo. Usiniambie habari za kusuka.

Kama ni woga, niambie. Kama ni uvivu, usiniambie, maana nitapanda hilo lori la maharage.

Pélagie


Kampala, 2 Juni 2024

Mama Mkubwa,

Nisamehe, barua yako nimekaa nayo muda. Tresor alipita Kalerwe mara mbili na mara zote nilimwambia sijamaliza kuandika. Kusema kweli sikuwa nimeanza.

Habari za hapa ni nzuri. Mvua iliingia ndani kwetu lakini ilitoka. Jalia amejifungua mtoto wa kike, ameitwa Nabilah, na redio sasa imenyamaza. Mama alikuwa naye mpaka mwisho.

Kuhusu rufaa, naomba tusiongee tena. Wewe unaona ni sentensi moja. Mimi ndiye nitakayeiandika na mimi ndiye nitakayeitwa kuulizwa. Hapa si Rutshuru, Mama Mkubwa. Hapa ukiongea Kiswahili ofisini watu wanakutazama mikono, wanadhani wewe ni askari au mwizi. Umenisomesha na wasichana ambao baba zao huwaleta shule kwa gari, ukataka niongee kama wao, nicheke kama wao, halafu leo unaniuliza woga umetoka wapi.

Sikukusudia kukujibu hivyo. Lakini sifuti, maana karatasi ni ya mwisho.

Uliuliza habari za kitenge. Sketi yangu ipo, nimeiweka chini ya godoro. Mama alilifumua gauni lake. Sasa kile kitambaa anafungia furushi la vitenge vya kuuza. Kila asubuhi nikiamka namkuta amepiga magoti anafunga fundo. Nilimwuliza kwa nini, akasema kilikuwa kigumu, kinafaa kazi.

Anakuja huko wiki ijayo kumwona Nyanya. Tafadhali akija usimwulize habari za chuo. Nakuomba sana. Mwulize kitu kingine chochote.

Reine


Kyangwali, 16 Juni 2024

Mwanangu Reine,

Nyanya anaendelea vizuri. Mama yako alimkanda kifua, akampikia uji, akalala naye kitanda kimoja kama watoto. Kikohozi kimeshuka. Ametoka hapa jana, na barua hii nampa Tresor, si yeye, na wewe unajua kwa nini.

Uliniomba nisimwulize habari za chuo. Mtu akiniambia usifungue mlango ule, mimi nitafanya nini? Nilimwuliza tukiwa tunachambua maharage. Nikamwambia: Esperance, siku ya usaili ilikwendaje? Akacheka. Akasema, "Dada, ile siku niliuzisha muzuri sana. Pale pale ku chuo. Mpaka askari akanifukuza." Akacheka tena, akaendelea kuchambua.

Nilifundisha watoto muda mrefu. Najua mtoto anayesoma kwa sauti akiruka ukurasa. Dada yangu mimi, aliyepiga gauni pasi, aliyekwenda na mwanawe kuitwa, afungue furushi auze vitenge katikati ya usaili? Kwa nini? Nikamwuliza: ulipoitwa pamoja na Reine, mliulizwa nini? Akasema, "Nilisimama. Kisha nikakaa." Nikamwuliza: kwa nini ukakaa? Akasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi.

Hakukutaja kwa ubaya, Reine. Hakukutaja kabisa. Kila nilipokaribia, alikupitisha pembeni, akakuficha nyuma yake. Ndipo nikajua. Kama wangekuwa wamemkosea watu wa chuo, mama yako angewasema mpaka Nyanya apone kwa hasira. Anayenyamaziwa hivyo ni mtoto wake tu.

Basi nitaliandika mimi, kwa kuwa ninyi wawili hamtalisema. Waliita jina lako na mzazi wako. Mama yako akasimama. Wewe ukasema umekuja peke yako. Na wale wasichana wa magari walipoangalia sketi yako na gauni lake, kitambaa kimoja, wakauliza, ukawaambia huyo ni mama anayekuuzia vitenge. Naye mama yako, ambaye Kiganda anakielewa siku hizi kuliko wewe unavyodhani, akafungua furushi lake akaanza kuuza. Akauza ili usiwe umesema uongo.

Niambie kama nimekosea.

Nimekaa na jambo hili siku nzima na sijui nimkasirikie nani. Nimeona aibu, na sikuona kwa ajili yako peke yako. Yale uliyoniandikia ni kweli: sisi ndio tuliokupeleka ukae kati ya watu wale. Tulifurahi kila ulipokuja likizo Kiswahili kimepungua, tukasema mtoto anaendelea. Mimi mwalimu nilifurahi kuliko wote. Lakini askari akimfukuza mama yako getini, na wewe uko ndani umeketi, hilo siwezi kulibeba kwa niaba yako. Hilo ni lako.

Sikwambii tena ukate rufaa. Sikwambii usikate. Sentensi ile niliyosema ni rahisi, sasa najua bei yake. Ukiiandika, ujue unaandika nini. Usipoiandika, suka watu nywele, na sitakusumbua.

Pande langu la kitenge bado limekunjwa. Sitalishona sasa.

Pélagie


Kampala, 27 Juni 2024

Mama Mkubwa,

Barua yako niliisomea chooni, maana hapo ndipo penye mlango unaofungika. Watu walibisha mpaka wakaenda kwa Jalia.

Umekosea mahali pamoja. Wale wasichana hawakuniuliza. Walikuwa wanaangalia tu. Mimi ndiye niliyesema bila kuulizwa, kwamba yule ni mama wa vitenge, ndiye aliyeniuzia hiki nilichovaa, anapita kila mahali. Nilisema nikicheka. Hayo mengine yote ni kama ulivyoandika, na sijui umeyaonaje kutoka huko. Naona aibu hata kushika kalamu hii. Nikisuka wateja naona aibu. Mama akinipakulia chakula, akaniwekea mimi nyama, ndipo ninapokosa pa kuweka macho.

Tangu siku ile hajaniuliza kitu. Jioni ile alirudi, akanikuta, akaniambia amenunua parachichi. Ningependa angenipiga.

Rufaa nimepeleka jana. Nimeandika kwamba mama yangu alikuwepo, kwamba ni yule mwanamke wa vitenge aliyetolewa getini, na kwamba nilipoitwa niliwaambia nimekuja peke yangu kwa sababu nilimwonea haya. Niliandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nisingeweza.

Mama hajui kilichomo. Nimemwambia tu nimeomba wanifikirie tena, na kwamba huenda wakatuita wote wawili. Alinitazama, akauliza kama ni lazima na yeye aende. Nikasema ni lazima. Akasema basi, furushi ataliacha nyumbani.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Reine


Kyangwali, 7 Julai 2024

Mwanangu,

Nyanya anakula. Mbuzi wa jirani wamemaliza mahindi na sasa wameanza maboga.

Bado nakuita hivyo. Usinichezee.

Umewaambia masista, umeniambia mimi, umeiambia karatasi. Mama yako hujamwambia. Fikiria hilo kabla hawajawaita.

Pélagie


Kampala, 28 Julai 2024

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakusalimu, na Nyanya, na wote wa kwaya unaogombana nao. Sisi wazima. Nabilah wa Jalia ameanza kucheka. Nimejaribu kuanza barua hii mara nyingi na kila mara nimekimbilia habari za mtoto wa jirani. Nitaandika moja kwa moja.

Walituita Jumanne. Asubuhi Mama alivaa lile gauni la kijivu la msibani. Mimi nilitoa sketi chini ya godoro nikaivaa. Alipoiona akasema, "Vaa jupe ingine. Hii itawakumbusha." Nikamwambia nitavaa hii. Hakubishana. Alijifunga kitambaa cha kichwa mara mbili, akakifungua, akakifunga tena.

Nilikuwa nimepanga kumwambia njiani. Nilipanga kumwambia tukifika Bukoto, kisha tukivuka barabara, kisha kabla ya mlima. Tulifika getini sijasema kitu.

Askari alikuwa yule yule. Alimtambua Mama kabla hatujasimama. "Nyabo, mama wa vitenge! Wewe si nilikuambia hapana rudi hapa?" Mama akatabasamu lile tabasamu lake la kuwaomba radhi wateja, akaanza kugeuka. Mama Mkubwa, alikuwa anaondoka kweli. Alikuwa tayari kushuka mlima wote bila kunitazama, ili nisilazimike kufanya chochote. Nikasema, "Ni mama yangu." Sauti haikutoka. Askari akasema, "Unasema?" Nikasema tena, kwa nguvu mno, mpaka wasichana waliokuwa wanafagia ndani wakageuka: "Ni mama yangu. Tumeitwa pamoja." Aliangalia sketi yangu, akamwangalia Mama, akafungua. Mama alipita ameinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na wizi.

Ndani alikuwepo Sista Nakhisa, mkuu wa chuo, na wengine wawili. Barua yangu ilikuwa mezani mbele yake. Sista ni mtu wa Mbale, Kiswahili anakijua. Alimpa Mama kiti kwanza, kisha akamwuliza kwa upole, "Mama, siku ile ya usaili wewe ulikuwa wapi?"

Mama hakungoja hata kidogo. Nadhani jibu alikuwa nalo tangu Machi. Akasema, "Sista, ile siku mi sikukuya. Nilikuwa mugonjwa. Huyu mutoto alikuya peke yake, hakudanganya. Ile mama ya vitenge ni mutu mwingine. Sisi tunafanana, Wakongo."

Sista akaitazama barua yangu. Kisha akanitazama mimi. Wale wengine wawili pia. Nikaelewa kwamba wananiachia. Ningenyamaza, Mama angetoka pale akidhani ameniokoa, na mimi ningekuwa nimemkana mara mbili.

Nikageuka nikamwambia kwa Kiswahili, mbele yao, "Mama, ulikuja. Ulikuwa umeketi benchi la nyuma. Walipotuita ulisimama."

Akasema polepole, "Reine, nyamaza."

Nikasema, "Ulisimama, mimi nikasema nimekuja peke yangu, ukakaa. Kisha ukafungua furushi ukauza, kwa ajili yangu. Nimeyaandika yote hapo. Wanajua."

Nilidhani nikishasema nitapumua. Haikuwa hivyo. Mama alinyosha mkono akawa anavuta mikunjo ya gauni lake la kijivu magotini, anavuta na kuvuta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Alikuwa amenifichia jambo lile miezi yote hiyo, na mimi nimelitoa mezani kwa watu asiowajua. Nilimwonea haya siku ya kwanza kwa sababu ya furushi. Siku hii nilijionea haya mimi, na nilipomwona na yeye ameona haya nikatamani nisingezaliwa. Nililia. Sikulia vizuri, nililia na kamasi.

Sista alinipa karatasi ya kufuta pua na hakunibembeleza. Alimwuliza Mama, si mimi, "Mama, bado unataka huyu awe mkunga?"

Mama akaacha kuvuta mikunjo ya gauni. Kisha akasema, "Sista, wakati nilikuwa nazaa hapa Kampala, huyu alinisemea ku wauguzi. Alikuwa mudogo, hivi. Watu walikuwa wanamucheka, yeye anaendelea kusema tu. Wakati ile hakuona haya. Haya ilimukuta hapa katikati. Haya ni kitu ya kupita."

Sista alivua miwani. Akasema nafasi za mwezi huu zimejaa, lakini Januari kuna kundi lingine, na jina langu ataliandika humo. Akachukua karatasi ya ahadi ya mzazi, ile iliyotakiwa isainiwe siku ile, akaisogeza mbele ya Mama. Mama akauliza asaini wapi. Aliandika jina lake lote, polepole, Esperance na lile la ukoo pia, mpaka kalamu ikafika ukingoni mwa karatasi. Sista hakumharakisha.

Tukashuka mlima. Nilitembea nyuma yake kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kutembea ubavuni. Tulipofika Bukoto alisimama nimfikie, akaangalia sketi yangu, akasema, "Jupe inakubana ku kiuno. Fundi ataongeza." Nikasema ndiyo. Nikamwomba msamaha pale pale barabarani, boda boda zinapita. Akasema nimesikia. Hakusema amenisamehe, Mama Mkubwa. Alisema amesikia. Nimekubali hicho.

Jana asubuhi niliamka nikamkuta amepiga magoti anafunga furushi kama kawaida. Lakini alikuwa anafungia lile shuka letu la zamani. Nikatoka nje kutafuta maji. Kitenge cha bluu kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa, kinachuruzika, na pale penye mafundo bado kimekunjamana. Nilikinyosha kwa mikono. Nikarudi ndani nikamwuliza kama nikipeleke kwa fundi kikikauka, na fundi nimwambie ashone mtindo gani.

Akajitwika furushi, akasema, "Ngojea kwanza. Andikia Dada. Vile yeye atashona, na sisi tutashona vile vile."

Basi tunakungoja wewe.

Mwanao,
Reine